Taruma lililobanwa kwa nguvu zote

Gitaa lililetwa kwangu kwa sababu ya mlio. Ukipiga nyuzi nene kwa nguvu, ndani ya boksi kulitoka mchakacho mkavu uliofuata kila noti.

Nilishusha nyuzi, nikapitisha kioo kidogo na taa kwenye tundu la sauti, nikaanza kukagua mataruma, ile miti myembamba inayoushikilia uso wa gitaa kwa ndani. Moja lilikuwa limeachia ncha. Kipande cha karatasi kilipita chini yake bila kukwama popote.

Taruma kuachia si jambo geni. Kilichonishika ni gundi. Ilikuwa tele, imepakwa vizuri hadi mwisho wa ncha, na ilikuwa laini, inang'aa. Kiungo kilichowahi kushikana, kikija kuachana, hurarua mbao; utakuta nyuzinyuzi za upande wa pili zimenasa kwenye gundi. Hapa hapakuwa na hata moja. Gundi ilikauka bila kuigusa mbao iliyokusudiwa.

Na kwenye mgongo wa taruma hilohilo, katikati, palikuwa na duara lililozama. Alama ya mdomo wa klampu, kibanio cha kukaza kwa skrubu.

Aliyelibandika alikaza kwelikweli.

Kulitengeneza hakukuwa kazi kubwa. Gundi ya zamani inakwanguliwa, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya ile iliyokwisha kukauka, kisha unapaka mpya, na jeki ndogo inawekwa ndani, kati ya mgongo wa gitaa na uso, ikisukuma ncha hadi asubuhi. Mwenye gitaa alilichukua akaenda zake. Mimi nikabaki na swali, na wiki zikapita likinirudia kila nikishika klampu: gundi ilikuwepo, nguvu ilikuwepo, sasa kilichokosekana ni nini?

## Kilo saba kwa sentimita ya mraba

Nilianza na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyokuwa inanichanganya. Watengenezaji wa gundi za mbao za manjano hupendekeza mbao laini zibanwe kwa pauni 100 hadi 150 kwa inchi ya mraba, ambayo ni takriban kilo 7 hadi 10 kwa sentimita ya mraba. Mbao ngumu hupandishwa hadi kilo 17 hivi.

Chukua taruma lenye upana wa milimita 8 na urefu wa sentimita 30. Eneo la kubandika ni sentimita za mraba 24. Ukifuata kiwango cha chini kabisa, taruma hilo linadai kilo 168. Huo ni uzito wa watu wazima wawili, juu ya ubao wa sprusi, mti wa jamii ya misonobari unaotengenezewa uso wa gitaa, wenye unene wa milimita 3.

Sijawahi kuona fundi wa magitaa akibana mataruma hivyo.

Na hata angetaka, njia zinazotumika sana hazina uwezo huo. Kubana kwa ombwe, yaani kwa kuiondoa hewa kwa pampu, kunategemea uzito wa hewa ya nje, na hewa kwenye usawa wa bahari haitoi zaidi ya kilo 1.03 kwa sentimita ya mraba, pampu iwe nzuri kiasi gani. Fito za kupinda, nitakazozieleza punde, ziko hapohapo. Tena wapo mafundi wa magitaa ya nyuzi za nailoni ambao hubandika vile vibonge vidogo vya mbao vinavyounganisha uso na kuta kwa kushikilia kila kimoja kwa kidole, muda mfupi tu, basi. Hutumia gundi ya ngozi iliyopashwa moto hadi nyuzi joto 60 hivi. Gundi hiyo hugeuka jeli mara inapopoa, kisha husinyaa kadiri inavyokauka na kuzivuta mbao zikaribiane.

Antonio de Torres, Mhispania aliyeishi kati ya 1817 na 1892 na ambaye gitaa la klasiki la leo bado linafuata umbo alilolipa, alijenga kwa gundi ya wanyama. Baadhi ya magitaa yake yanapigwa hadi sasa.

Kwa muda nilijiambia kwamba sprusi ni laini na nyembamba, ndiyo maana inahitaji nguvu kidogo. Maelezo hayo hayakunitosha. Gundi haijali ubao una unene gani. Inachotaka ni kuwa utando mwembamba sana unaogusa pande zote mbili, kila mahali.

Ndipo nilipoanza kukielewa kile kiwango kwa namna nyingine. Ubao mnene wa meza, uliopigwa randa ukabaki na kibonde kisichoonekana kwa macho, haupindi kirahisi. Unahitaji uzito mkubwa ili kibonde hicho kifungwe. Zile kilo saba zinalipia kulazimisha. Taruma lililochongwa hadi likalala juu ya uso wa gitaa bila mwanga kupita halina cha kulazimishwa. Kwa taruma la namna hiyo, kilo moja inatosha kuikamua gundi ya ziada na kulishikilia lisisogee.

Taruma lile nililoliona kwenye kioo halikukosa nguvu. Halikuwa limelingana na uso, na nguvu ikatumika kulificha hilo.

## Fito

Njia ninayoipenda kuliko zote kwa mataruma ni ile ya fito, ambayo wajenzi wa piano nao huitumia kubandikia mbavu za ubao wa sauti.

Unakuwa na fremu: ubao wa chini, ubao wa juu, nguzo za chuma kwenye kona. Uso wa gitaa unalala kifudifudi, taruma juu yake, na kati ya taruma na ubao wa juu unaingiza ufito ulio mrefu kidogo kuliko nafasi yenyewe. Hauingii mpaka uupinde. Ukiuachia unataka kunyooka, na kwa kuwa hauna pa kwenda, unasukuma.

Nilitaka kujua unasukuma kwa kiasi gani, nikaweka mizani bapa chini ya ufito mmoja. Ulikuwa wa faibaglasi, kipenyo milimita 5, urefu sentimita 60. Mizani ilisoma kilo tatu na nusu hivi. Kisha nikaingiza kipande cha mbao chini ya mizani ili ufito upinde zaidi.

Mshale ulitikisika kidogo tu, ukarudi palepale.

Kwa mtu aliyezoea skrubu, hiyo ni tabia ya kushangaza. Klampu ya skrubu huongeza kilo nyingi kwa kila nusu mzunguko, na kiganja hakina namna ya kujua ni ngapi. Ufito ukishaanza kupinda, umefika kwenye nguvu yake na unabaki hapo. Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, alilieleza jambo hili katika karne ya 18 alipochunguza nguzo zinazopinda chini ya mzigo: nguvu inategemea ugumu wa malighafi yenyewe, unene na urefu wa nguzo, na karibu haitegemei imepinda kiasi gani. Urefu ukiwa mara mbili, nguvu inabaki robo. Unene una athari kubwa zaidi, kiasi kwamba ufito wa milimita 6 unasukuma mara mbili ya ule wa milimita 5.

Kwa hiyo fito zilizokatwa kwa urefu mmoja kutoka kwenye fimbo za aina moja husukuma karibu sawa, hata kama kimo cha taruma moja kinazidi cha jingine kwa milimita chache. Fito sita juu ya taruma la sentimita 30 zinatoa kilo 21, ambazo ni chini kidogo ya kilo moja kwa sentimita ya mraba. Mianzi nayo inafaa, ila ipime mmoja mmoja, maana hakuna miwili iliyo na unene sawasawa.

Jambo moja la kuangalia: ufito usimame wima. Ukikaa mshazari utalisukuma taruma pembeni, na juu ya gundi mbichi taruma halina ubishi, linateleza tu.

## Ncha

Nguvu inaposhuka kutoka nukta moja na kupita ndani ya mbao, hutanuka kwa takriban digrii 45 kila upande. Taruma lenye kimo cha milimita 15 linaigeuza nukta hiyo kuwa milimita 30 za gundi iliyobanwa vizuri.

Sasa nenda kwenye ncha. Mataruma huishia kwa wembamba, mara nyingi milimita 3 au chini ya hapo, ili uso wa gitaa upate kucheza pembeni. Kama ncha imeshachongwa kabla ya kubandika, ufito unaoigusa unabana milimita 6 tu. Uweke sentimita nne kutoka mwisho, na mwisho hauna habari.

Ndiyo maana mafundi wengi hubandika taruma likiwa bado na kimo chake chote, wakalichonga kwa patasi na randa ndogo baada ya gundi kukauka. Mimi nimeamua kutofanya vinginevyo. Ufito wa kwanza ninauweka katikati ili taruma lisitembee, miwili inayofuata inakwenda kwenye ncha mbili, karibu kabisa na mwisho, na zilizobaki zinajaza nafasi. Klampu moja ya katikati, iliyokazwa hadi mbao ikazama, isingeweza kufanya kazi ya ufito mmoja mdogo pale mwishoni.

Baada ya hapo nasoma gundi. Inayokamuliwa hutoka kama shanga ndogondogo pande zote mbili za taruma. Shanga zikiwa za ukubwa mmoja kutoka ncha hadi ncha, nimetulia. Palipo pakavu ndipo pa kuongeza ufito, na kwa gundi ya manjano una dakika tano hadi kumi za kufanya hivyo kabla haijaanza kushika. Kisha nachukua mrija wa plastiki wa kunywea, nimeukata mshazari, naupitisha kwenye pembe kati ya taruma na uso. Gundi inaingia ndani ya mrija yenyewe. Kitambaa chenye maji sikipendi hapo. Kinaisambaza gundi kwenye vitundu vya sprusi na kuongeza maji mahali ambapo tayari yapo mengi.

## Umbo linalokauka ndilo linalobaki

Hapa ndipo wiki zangu nyingi zilipokwenda.

Uso wa gitaa la nyuzi za chuma kwa kawaida si bapa. Hubandikiwa mataruma ukiwa juu ya sinia la mbinuko, yaani ubao mzito uliochongwa bonde pana, kama kipande cha mpira wenye nusu kipenyo cha mita 7.6 hadi 8.5. Mgongo hupewa mbinuko mkali zaidi, mita 4.6 hivi. Kwa upana wa sentimita 40, nusu kipenyo cha mita 8 ni mwinuko wa milimita 2.5 peke yake.

Ni kidogo mno, ndiyo maana inashawishi kuharakisha. Taruma lililonyooka, ukilisukuma ndani ya sinia kwa fito za kutosha, litakubali kupinda milimita mbili na nusu. Gundi itakauka. Ukiliondoa kwenye fremu, mbinuko utaonekana upo. Lakini taruma limepinda likiwa linataka kunyooka, na litaendelea kutaka hivyo maisha yake yote. Litauvuta uso kurudi kwenye ubapa, na ncha zitakuwa zinavutwa juu mchana na usiku.

Dawa ni kulisugua taruma kwenye sinia lilelile, msasa ukiwa umebandikwa ndani yake, hadi tumbo la taruma, yaani upande wake wa kubandikwa, lifanane na bonde. Chora mistari ya penseli kwenye tumbo. Ikifutika yote, taruma limefika. Kisha uso mwembamba ndio unaopinda kulifuata, na sprusi ya milimita 3 haigombi kwa milimita mbili na nusu.

Halafu kuna unyevu wa hewa, ambao wengi tunauzungumzia kuhusu kuhifadhi gitaa na kuusahau siku ya kubandika. Sprusi hutanuka ikikingama nyuzinyuzi zake na karibu haitanuki kwa urefu. Uso wa sentimita 40, hewa ikitoka kwenye unyevu wa asilimia 45 kwenda asilimia 65, unaweza kuongezeka upana kwa kama milimita 2. Mataruma yanayoukingama hayaongezeki. Kitakachotokea ni uso kuvimba juu. Hewa ikikauka, utasinyaa, na kwa kuwa mataruma yameushika, utazama au utapasuka.

Siku unayoingiza fito ndiyo siku unayoamua sifuri ya gitaa hilo iko wapi. Mafundi wengi huchagua asilimia 40 hadi 50 na kuziacha mbao zikae humo kwanza. Ukibandika siku ya hewa nzito, kila kiungo kitakuwa kizuri kwa macho, na kila kiungo kitakuwa kinasubiri kiangazi.

Nilikuwa nikiuona uchaguzi wa klampu kuwa suala la nguvu na kufika: hii ina shingo ndefu, ile inakaza sana. Sasa kabla ya yote najiuliza mbao itakauka katika umbo gani, na nani ameliamua hilo umbo, mimi au skrubu.

## Kiungo cha katikati

Vibao viwili vya uso, vilivyofunguliwa kama kurasa kutoka gogo moja, huunganishwa ukingo kwa ukingo. Unene ni milimita 4 hivi, urefu nusu mita na zaidi. Ukivibana kwa klampu ndefu kutoka pembeni, vinafanya kile ambacho kitu chochote chembamba hufanya kikisukumwa: vinainuka katikati.

Mafundi wa Kihispania walilitatua kwa kamba na kabari. Miti hupangwa chini na juu ya vibao, kamba inasokotwa kuizunguka, na kabari zinapigwa chini ya kamba. Kila kabari inayoingia inasukuma pembeni na kukandamiza chini kwa pamoja. Mikono iliyozoea hupata nguvu sawa urefu wote.

Mimi hutumia njia ya paa. Miti miwili iliyofungwa kwenye ubao wa kazi, moja kila upande, nafasi kati yake ikiwa pungufu kidogo ya upana wa vibao viwili. Kijiti chembamba kinawekwa chini ya kiungo, vibao vinakaa juu yake kwa umbo la paa, unaondoa kijiti na kusukuma chini. Vibao vinajikaza vyenyewe vikielekea kulala. Juu unaweka mti ulionyooka na uzito. Karatasi ya nta isisahauliwe, juu na chini.

Palipo na mabishano ni kwenye randa. Maseremala wa meza wana desturi ya kuacha kibonde kidogo sana katikati ya ukingo, ili klampu ikikaza, ncha zikandamizwe zaidi. Sababu yao ni nzuri: ncha za mbao hukauka kwanza na ndizo hufunguka kwanza. Niliyumba sana hapa, kwa sababu hoja yao inagusa hofu yangu hasa, ile ya ncha.

Lakini kibonde ni mkazo unaowekwa makusudi. Ndani ya meza yenye unene wa milimita 25 mkazo huo unamezwa. Ndani ya ubao utakaopunguzwa hadi milimita 3 au chini ya hapo, kisha kutobolewa tundu la sauti karibu na katikati, sitaki mkazo wowote nilioujua na kuuacha. Nanyoosha ukingo hadi vibao viwili, vikishikwa dhidi ya dirisha, visipitishe mwanga popote vikiwa vimegusana kwa uzito wao tu. Hapo kazi ya kabari inakuwa ndogo. Wenzangu wanaoacha kibonde wana magitaa mazuri na hoja zao. Mimi nimeegemea upande huu.

## Vibanio vya nguo

Ukanda wa ndani, ule wenye mikato unaopita ukingoni mwa kuta, hauhitaji falsafa. Vibanio vya nguo vinatosha, vimeongezwa mpira wa kufungia ili viume zaidi, kila sentimita mbili. Mikato yenyewe inauruhusu ukanda kufuata mviringo, na kila kijipande kati ya mikato kinahitaji kibanio kinachokihusu. Ukiruka kimoja, utakigundua siku ya kukata mfereji wa ukanda wa mapambo ukingoni, patasi itakapokitoa chote.

Kufunga boksi, yaani kubandika uso na mgongo kwenye kuta, ni jambo lilelile kwa ukubwa mwingine. Wengine hutumia boliti ndefu zenye visahani viwili vya mbao vilivyovikwa koki au ngozi, dazeni mbili na zaidi kuzunguka ukingo. Wengine huzungusha vipande virefu vya tyubu ya baiskeli kuanzia boksi hadi ubao wa kazi. Tyubu ina faida ileile ya ufito, kwamba inavuta bila kuzidisha, na inafuata mviringo wa kiuno bila kuambiwa. Boliti zinavutia zaidi machoni lakini kila moja ina nati, na kila nati ni mtihani wa kujizuia.

## Daraja

Daraja, kile kipande cha mbao juu ya uso kinachoshikilia nyuzi, kwenye gitaa la nyuzi za chuma linashika uso kwa eneo la kama sentimita za mraba 50. Nyuzi nyepesi sita hulivuta kwa jumla ya kilo 73 hivi. Mvuto huo haulipeleki mbele tu. Unalipindua, ukingo wa nyuma ukitaka kuinuka. Hakuna kiungo kingine kwenye gitaa kinachoteswa hivi.

Kwa miaka nilibana daraja kwa klampu tatu zenye shingo ndefu, zinazoingia kwenye tundu la sauti: moja katikati, moja kila bawa. Ndani kunakuwa na kipande cha mbao kilichokatwa nafasi za mataruma ili klampu zisikanyage taruma lolote. Kabla ya hapo vijiti viwili vinapita kwenye matundu ya uzi wa kwanza na wa sita, maana bila hivyo daraja linasafiri klampu inapokaza, na milimita moja ya safari inaiharibu sauti ya kila noti ya juu, isilingane tena.

Ombwe nililiona kuwa dhaifu. Unaweka kifuniko chenye utando wa mpira juu ya daraja, pampu inatoa hewa, na kwa kilo 0.8 kwa sentimita ya mraba unapata kilo 40 kwenye daraja zima. Klampu moja tu ya skrubu inazidi hapo bila jasho.

Kilichonibadilisha ni kufikiria hewa iliyo ndani ya boksi. Juu, utando unalisukuma daraja chini. Ndani, hewa ya kawaida inausukuma uso juu kukutana nalo, kwa kiasi kilekile, kila sentimita. Hakuna kipande cha mbao cha ndani, hakuna taruma la kukanyagwa, hakuna sehemu yenye nguvu kuliko nyingine. Uso haulazimishwi kushuka wala kupanda.

Na ule udhaifu niliousema, sasa nauona kwa jicho jingine. Tumbo la daraja linatakiwa kufuata mbinuko wa uso. Kwa daraja la sentimita 15 na mbinuko wa mita 8, tofauti kati ya tumbo bapa na tumbo sahihi ni theluthi moja ya milimita, kama karatasi tatu zikilazwa pamoja. Klampu kwenye mabawa membamba itafunga nafasi hiyo bila kukuambia, na mabawa yataanza kuvuta juu tangu siku ya kwanza. Ombwe haliwezi kuificha kirahisi hivyo. Nafasi ikibaki, utaiona pembeni, pakavu, bila shanga za gundi, na bado una muda wa kuinua daraja, kulifuta na kurudi kwenye msasa.

Ninabandika msasa juu ya uso, mahali hasa daraja litakapokaa, na kulisugua daraja palepale. Rangi ya mng'ao chini yake inaondolewa hadi mbao tupu, bila kisu kuzikata nyuzinyuzi za sprusi. Gundi inapata saa 24 kabla ya nyuzi kupandishwa, hata kama chupa inaruhusu kuondoa klampu baada ya saa moja.

## Shingo

Ubao wa vidole, ule unaobandikwa juu ya shingo na ambao nyuzi hukandamizwa juu yake, ndio unaonisumbua sasa. Una eneo kubwa kuliko kiungo chochote nilichokitaja, na gundi ya maji inapopakwa juu ya shingo inalowesha uso mmoja tu wa mti mrefu na mwembamba. Uso huo unatanuka, shingo inapinda kwenda nyuma, na klampu kumi juu ya mti ulionyooka zinaishikilia hadi gundi igande ikiwa na maji yake. Kunyooka kwa asubuhi hiyo hakuaminiki. Wapo wanaoiacha shingo siku kadhaa ikauke ndipo waipige randa tena, na hilo hufanya kazi. Mpingo wa ubao wa vidole hauna haraka, unaweza kusubiri.

Shingo inayofuata nitaibandika kwa epoksi, gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa, kwa kuwa haina maji. Itabidi nijifunze kubana upya, kwa sababu epoksi inataka kinyume cha gundi ya manjano: ikikamuliwa sana inabaki nyembamba mno na kudhoofika. Klampu nitazikaza kwa ncha za vidole hadi ubao ulale, nisiguse tena, na kuzisogeza zikae karibu zaidi, sentimita tano tano, kutoka kwenye nati, kile kijiti kinachobeba nyuzi karibu na kichwa cha shingo, hadi kwenye mwili wa gitaa.